Taponi, Dagaa na Kalenda ya Maji

Hotuba iliyotolewa mjini Kigoma mbele ya wavuvi, wachuuzi wa dagaa, walimu na wanafunzi

Waheshimiwa viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wazee wetu wa mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, mama zetu mnaoanika na kuchuuza dagaa, walimu na vijana wetu wanafunzi, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kunisikiliza.

Nimeombwa nizungumzie jinsi samaki wanavyohama kwa misimu. Kwa idhini yenu nitaanza mbali na ziwa letu, kwa samaki ambaye wengi wetu hapa hatujamtia machoni, yaani taponi wa Bahari ya Atlantiki, ambaye wataalamu humwita Megalops atlanticus. Nimemchagua kwa sababu safari zake zimechunguzwa kwa bidii ambayo samaki wachache wa maji ya joto wamewahi kuipata, na kwa sababu tunahusiana naye kwa maji. Maji ya Ziwa Tanganyika hutoka kwa Mto Lukuga upande wa Kalemie, yakaingia Lualaba, yakawa Mto Kongo, na mwishowe yakamwagika Atlantiki. Nayo pwani ya Afrika kuanzia Senegal hadi Angola, ambamo mdomo wa Kongo umo, ni makao ya taponi. Yuko pia ndugu yake mdogo katika Bahari ya Hindi, ambaye hufika hata kwenye mikoko na midomo ya mito ya pwani yetu ya mashariki, ila leo sitamzungumzia huyo.

Taponi wa Atlantiki ni samaki mkubwa. Huweza kufikia urefu wa karibu mita mbili na nusu na uzito unaozidi kilo 100, na jike humzidi dume kwa mbali. Aliyeandikwa katika rekodi ya dunia ya uvuvi wa fimbo na ndoana alivuliwa Rubane, nchini Guinea-Bissau, mwaka 2003, akiwa na uzito wa karibu kilo 130. Magamba yake ni mapana, yenye rangi ya fedha, na mdomo wake umeelekea juu, kwa kuwa hupenda kumshambulia samaki mdogo kutoka chini. Lakini jambo linalomtofautisha na wengi ni kwamba anaweza kuvuta hewa. Kibofu chake cha hewa kina mishipa mingi ya damu, kwa hiyo hupanda juu ya maji, akagugumia pumzi moja, kisha akazama tena. Uwezo huo humwezesha kuishi katika vidimbwi vya mikokoni ambamo hewa ndani ya maji ni haba na samaki wengine wangekufa. Pia ndio unaomfichua, kwani mvuvi akikaa kimya alfajiri huona migongo yao ikijitokeza na kupotea, na hapo hujua kundi limepita wapi na linaelekea wapi.

Naomba mshike jambo moja kuhusu umri wake, kwa sababu nitalirudia nitakapofika kwa dagaa. Taponi hukua polepole mno. Huchukua takriban miaka kumi kabla ya kuwa tayari kuzaa, na majike wakubwa huishi zaidi ya miaka 50. Mmoja aliyetunzwa Shedd Aquarium, jumba la kuonyeshea samaki katika mji wa Chicago, aliishi humo miaka 63, hadi 1998. Maana yake ni kwamba anapouawa jike mzazi mwenye kilo 70, nafasi yake haizibwi msimu ujao wala unaofuata. Atakayeiziba huenda hata hajazaliwa.

Sasa safari zake. Taponi hapendi baridi. Maji yakipoa sana hudhoofika, na baridi kali ya ghafla huwaua kwa wingi, hasa wadogo waliokwama katika maji ya kina kifupi. Kwa hiyo kalenda yake ni ya joto la maji. Katika majira ya baridi ya kaskazini, wengi hukaa kusini, kwenye maji ya Florida ya kusini, Karibi na Meksiko. Kuanzia mwezi Aprili na Mei, maji yanapofikia nyuzi joto 24 au zaidi, makundi huanza kupanda. Wapo wanaofuata pwani ya mashariki ya Marekani hadi Georgia, Carolina na hata ghuba ya Chesapeake. Wapo wanaoingia Ghuba ya Meksiko hadi karibu na mdomo wa Mto Mississippi. Na wapo wanaotoka pwani ya Veracruz, nchini Meksiko, wakapanda kuelekea Texas na Louisiana. Maji yanapopoa tena katika Septemba na Oktoba, hugeuka na kuteremka kusini, wakifuata makundi ya mkizi ambao nao wanashuka pwani kwa wakati uo huo. Si wote wanaosafiri. Baadhi hubaki eneo moja mwaka mzima. Hata hivyo, vifaa vidogo vya kielektroniki vilivyofungwa kwenye miili yao, vingine vikituma habari kupitia satelaiti, vimeonyesha bila shaka kwamba wapo wanaovuka mipaka ya nchi na kusafiri mamia ya kilomita katika msimu mmoja.

Katikati ya safari hiyo kuna kukusanyika, na hapa ndipo ningependa tutulie kidogo. Kati ya Mei na Julai, hasa karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, taponi waliokomaa hujikusanya kwa wingi karibu na pwani kabla ya kwenda kuzaa. Mahali maarufu kuliko pote ni Boca Grande, mlango wa bahari ulio kati ya visiwa vya Gasparilla na Cayo Costa, upande wa magharibi wa Florida, wenye kina kinachozidi mita 20. Maji yanapotoka ghubani kwa kasi huburuta kaa wengi kuelekea baharini, na taponi hungoja kuwala. Baada ya kushiba hutoka hadi bahari kuu, mbali kabisa na pwani, wakapiga mbizi kwenye kina kinachozidi mita 100, na huko ndiko hutaga. Jike mkubwa hubeba mamilioni ya mayai. Watoto wanaoanguliwa hawafanani kabisa na wazazi wao: wana mwili mwembamba, bapa, unaopenyeza nuru, nao huchukuliwa na mikondo kwa majuma kadhaa hadi wafike mikokoni, ambako hujibadili na kuanza kukua katika maji yaliyotulia, yenye hewa kidogo na maadui wachache.

Kwa hiyo maisha ya samaki mmoja yanahitaji sehemu tatu zilizo mbalimbali: bahari kuu ya kutagia, mikoko ya kukulia, na njia ndefu ya pwani ya kusafiria. Ukiharibu moja, umemwathiri popote alipo.

Uvuvi wake nao una historia. Mwaka 1885, mvuvi kutoka New York aitwaye W. H. Wood alimvua taponi kwa fimbo huko Florida, na habari hiyo ilipoenea, matajiri wa Marekani na Uingereza walianza kumiminika kila msimu. Hoteli zilijengwa, waongoza mashua walipata kazi, na mji mmoja wa Texas ambao leo unaitwa Port Aransas ulikuwa ukiitwa Tarpon, jina la samaki huyo kwa Kiingereza. Rais Franklin D. Roosevelt mwenyewe alikwenda kuvua huko mwaka 1937. Wavuvi hao hawakumtaka kwa ajili ya chakula, kwani kule Marekani nyama yake iliyojaa miiba haithaminiwi, ingawa katika sehemu za Amerika ya Kusini na Afrika Magharibi huliwa. Walimtaka kwa sababu ya mapambano. Anaponaswa huruka nje ya maji, wakati mwingine juu kuliko kimo cha mtu, akitikisa kichwa, na mvuvi hodari hulazimika kuinamisha fimbo papo hapo ili kulegeza uzi. Wazee wa pwani yetu wamesema hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi. Kwa taponi ni kinyume, maana kuruka kwake ndiko kunakomwokoa mara nyingi: taya lake ni la mfupa mgumu, ndoana haishiki vizuri, na mtikiso mmoja humweka huru.

Kwa miongo mingi samaki hao walitundikwa gatini wapigwe picha, kisha wakatupwa. Naliona jambo hilo kuwa ubadhirifu mkubwa, na wenyeji wa Florida nao polepole walifikia kuliona hivyo. Tangu 2013 sheria ya jimbo hilo inamtaka kila anayemnasa taponi amwachie, isipokuwa yule anayetafuta rekodi, naye lazima awe na kibali maalumu kinachoruhusu samaki mmoja kwa mwaka. Taponi mwenye urefu unaozidi takriban mita moja haruhusiwi hata kutolewa majini kwa ajili ya picha, kwa sababu kumning'iniza samaki mzito namna hiyo humuumiza ndani. Na bado kumwachia hakumalizi hatari. Samaki aliyepambana kwa saa nzima huwa hoi, na papa, ambao nao wanaijua kalenda ya Boca Grande, humngoja.

Huko Texas mambo yalikwenda vibaya zaidi. Katikati ya karne iliyopita taponi walipungua mno karibu na Port Aransas, kiasi kwamba samaki aliyeupa mji jina akawa adimu. Wataalamu hutaja sababu kadhaa kwa pamoja: kuvuliwa kupita kiasi, mabwawa yaliyozuia maji ya mito yasifike baharini, kuharibiwa kwa maeneo wanamokulia watoto wa samaki hao, na uvuvi katika nchi nyingine ambazo samaki hao hao hupitia. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niwaletee habari hizi Kigoma. Samaki anayehama huhesabiwa kuwa mali na kila pwani anakopita, na pwani moja ikimtunza peke yake, jitihada zake hupotea mara anapovuka mpaka.

Turudi ziwani kwetu. Tanganyika ina urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachokaribia mita 1,470, na ni ya nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Ukubwa huo wote unaweza kutudanganya. Hewa inayohitajiwa na samaki haifiki chini kabisa. Maji yenye uhai ni tabaka la juu tu, la mita 100 hadi 200 hivi kwa kutegemea sehemu, na chini yake hakuna samaki. Rutuba nyingi ya ziwa imelala huko chini gizani. Inayoipandisha ni pepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, ukayasukuma maji ya juu yenye vuguvugu kuelekea kaskazini, huku maji baridi yenye rutuba yakipanda upande wa Zambia. Upepo unapolegea, maji yaliyolundikana huanza kurudi, na mpaka kati ya vuguvugu na baridi hupanda na kushuka kwa majuma mengi, kama maji ya beseni lililowekwa chini ghafla. Rutuba inapopanda, vijimea vidogo huchanua, vijidudu huvila, dagaa huvifuata vijidudu, migebuka, samaki wakubwa wanaowala, huwafuata dagaa, na mvuvi humfuata mgebuka. Kwa hiyo kalenda ya dagaa, kinyume na ile ya taponi, imeshikwa na upepo.

Dagaa wana safari nyingine ya kila siku ambayo ninyi wavuvi mnaijua kuliko mimi. Mchana huzama kwenye kina kuwakwepa maadui. Usiku hupanda kula. Ndiyo maana mnawasha karabai au taa za umeme wa jua na kuwavuta karibu na mashua, na ndiyo maana kwenye mbalamwezi nyavu hupumzika, kwani mwezi ukiwa mpevu taa zenu hazina nguvu ya kuwakusanya. Nataka vijana waliopo hapa waone fahari katika maarifa hayo. Mvuvi wa Boca Grande anayehesabu siku za mwezi ili ajue taponi watakusanyika lini, na mvuvi wa Katonga anayehesabu siku za giza, wanasoma mwezi ule ule.

Sasa nilirudie lile la umri. Dagaa wetu wakuu, ambao wataalamu huwaita Stolothrissa tanganicae, huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo tu. Huzaa mapema, huzaa kwa wingi, na huliwa kwa wingi. Pumziko la miezi mitatu bila kuvuliwa halina maana kubwa kwa taponi, kwa kuwa miezi mitatu si kitu katika maisha ya miaka 50. Lakini kwa dagaa ni sehemu kubwa ya maisha yake yote. Samaki aliyeachwa mwezi Mei akiwa mchanga anaweza kuwa amekua na kuzaa kabla mwaka haujaisha. Hii ndiyo sababu naunga mkono uamuzi wa nchi nne wa kulipumzisha ziwa, ambao hapa Tanzania tuliutekeleza kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024.

Nikisema hivyo sisahau gharama yake. Kule Florida anayemwachia taponi hurudi nyumbani akala chakula kingine, na mwongoza mashua hulipwa hata kama samaki ameondoka salama. Hapa, dagaa ndio kitoweo, ndio ada ya shule, ndio mtaji wa mama anayepanga magunia yake kuyasafirisha kwa treni hadi Tabora na kwingineko. Kuna wanaosema kwamba wavuvi wanapinga pumziko kwa sababu hawaelewi. Sikubaliani nao hata kidogo. Wavuvi wanaelewa, wanachouliza ni nani atakayebeba mzigo wa miezi mitatu, na swali hilo ni la haki. Kibarua asiye na mashua wala shamba, na mama mwenye chanja tupu, hawawezi kuachwa peke yao walipie samaki ambao watavuliwa baadaye na kila mtu. Mikopo ya masharti nafuu, kazi za muda na mipango ya chakula inapaswa kutangazwa kabla ya tarehe ya kufunga, ili watu waanze Mei wakijua watakavyoishi hadi Agosti.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji kungoja kufungwa kwa ziwa. Dagaa wachanga hukulia karibu na pwani, na kokoro linaloburutwa ufukweni huwazoa kabla hawajafika wakati wa kuzaa hata mara moja. Mwambao wetu ndio mikoko yetu. Udongo unaoporomoka kutoka milima iliyokatwa miti nao hufunika mawe na mchanga ambamo samaki wengi wa ziwa hili, wasiopatikana popote pengine duniani, hutaga na kujificha. Na juu ya hayo yote, ziwa linapata joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba tabaka la juu linapozidi kuwa vuguvugu, upepo unashindwa kulichanganya na maji ya chini, na rutuba inayopanda inapungua. Hilo hatukulisababisha sisi wa Kigoma, na hatutaliondoa peke yetu. Linatuzidishia tu sababu ya kutovua wale wachache wanaobaki kabla hawajazaa.

Mwaka huo huo wa 2003, tarehe 12 Juni, nchi nne zilitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa hili, na kutokana nao ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Taponi hana chombo cha namna hiyo kinachounganisha nchi zote anazopitia. Sisi tunacho. Kinachokosekana ni habari za kukilisha, na hapa ndipo nina ombi mahususi kwenu.

Safari za taponi zimejulikana kwa sababu mwili wake ni mkubwa wa kutosha kubeba kifaa cha kumfuatilia. Dagaa hawezi kubeba chochote. Hakuna satelaiti itakayomfuata dagaa mmoja kutoka Kagunga hadi Kasanga. Watafiti wana mitambo ya mwangwi inayoonyesha makundi yaliyo chini ya meli yao, lakini meli hiyo haiko ziwani kila usiku, na ninyi mpo. Kila mashua inayorudi Kibirizi asubuhi imebeba jibu la swali ambalo hakuna mwingine anayeweza kulijibu: jana usiku dagaa walikuwa wapi, wa ukubwa gani, na walikuwa na mayai au hawakuwa nayo.

Naomba basi kila mwalo uwe na daftari moja, litunzwe na katibu wa kikundi, na lijazwe asubuhi kabla dagaa hawajamwagwa kwenye chanja. Yaandikwe tarehe na siku ya mwezi mwandamo, sehemu iliyovuliwa kwa majina yenu wenyewe ya maeneo, upepo uliovuma, ndoo zilizopatikana za dagaa na za migebuka, na urefu wa dagaa kumi waliochukuliwa bila kuchaguliwa na kupimwa kwa rula ya mwanafunzi. Mama zetu, ambao mikono yao hupitia kila samaki, ndio wanaofaa kusema kama wamekuta mayai. Walimu wa hesabu na baiolojia waliopo hapa nawaomba wawape wanafunzi kazi ya kujumlisha kurasa hizo kila mwisho wa mwezi, na nakala ipelekwe kwa afisa uvuvi wa wilaya na kwa watafiti wetu wa uvuvi hapa Kigoma. Wakati wa kupanga tarehe za kufunga ziwa utakapofika tena, wajumbe wetu waende mezani na madaftari hayo, na waulize wenzao wa Kalemie, Rumonge na Mpulungu wao wameona mayai mwezi gani. Na kama mayai yataonekana yanaanza kabla ya 15 Mei, au yanaendelea baada ya 15 Agosti, basi tarehe zisogezwe.